Darubinimoyo Sebuleni

Moyo wa Baba Mkubwa Mahona ulitokea ukutani, mkubwa kama ngoma, ukijibana na kujiachia, huku mwenyewe amekaa zake kwenye kochi na kanzu yake, hajaguswa na mtu. Sebule nzima ikapiga makofi.

"Hakuna sindano, hakuna waya, hata shati huvui," Injinia Nyamizi aliwaeleza wageni, akiinua kifaa kilichoenea kiganjani. "Darubinimoyo hutuma mawimbi hafifu kifuani. Yakirudi, inajua moyo unajibana kwa nguvu kiasi gani. Ulio mzima husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyoujaa, kila pigo."

"Zaidi ya nusu!" Baba Mkubwa alijigamba. "Mzee bado nipo!"

Tabora nzima, jiji la treni za angani na roboti wafagiaji, ilikuwa ikimsifu Nyamizi kwa uvumbuzi huo, na sifa zilikuwa zimemlevya. Siku hiyo ukoo wa Lugwisha, rubani mstaafu wa ndege za mizigo japo bado kijana, ulikuja kujitambulisha. Lugwisha alitaka kumuoa Kabula, mdogo wake Nyamizi.

"Sasa tuuone moyo uliompenda Kabula," Nyamizi alisema, akimgeuzia kifaa.

"Dada, acha," Kabula alisema. Lugwisha naye akainua mkono kukataa.

Nyamizi alidhani wanaona haya tu. Akabonyeza.

Moyo uliotokea ulikuwa mpana, umelegea, ukijibana kwa shida. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyeifundisha mashine kusema kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Ikasema: "Nguvu ya moyo ni ndogo. Husukuma robo tu. Mgonjwa amwone daktari."

Baba Mkubwa akawageukia wageni. "Kumbe mmetuletea mgonjwa?"

Shangazi yake Lugwisha alichukua mkoba wake, akasimama. Pilau ikabaki mezani haijaguswa. Lugwisha alimpa kila mtu mkono wa kwaheri, hata Nyamizi.

Jikoni, Kabula hakupandisha sauti.

"Nilikuwa najua. Aliniambia kabla hata hajanichumbia. Ndiyo maana aliacha urubani. Tulitaka kumwambia Baba Mkubwa wenyewe, taratibu, wakishazoeana."

"Mdogo wangu, sikujua..."

"Nilikwambia acha, dada. Ulinisikia."

Ni kweli, alimsikia.

Kesho yake Nyamizi alikwenda kwa Lugwisha kuomba radhi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Badala yake alikaribishwa kiti na kumiminiwa chai, na hilo likamuumiza zaidi.

"Shemeji, mashine yako haikukosea," Lugwisha alisema. "Madaktari wameupima moyo wangu mara nyingi, na wamekuta hivyo hivyo. Ila wao hufunga mlango kwanza."

Nyamizi alishindwa kuinua uso. Kazini aliizima sauti ya darubinimoyo, akaagiza isimpime mtu yeyote bila mtu huyo kuridhia. Wenzake walimsifu kwa wazo hilo zuri. Kila sifa ilimchoma, naye hakumwambia mtu alikolitoa.

Kabula na Lugwisha walifunga ndoa bomani, kimya kimya. Nyamizi aliipata habari kwa jirani aliyemsimamisha njiani, akitabasamu, kumpa hongera.

"Ahsante," alijibu, kana kwamba naye alikuwapo.