Mstari Chini ya Namba Moja

Ubao wa droo, ule unaoonyesha nani kapangwa kwa kura kucheza na nani, ulikwama kwenye mlango wa lifti, na nyuma yake alikwama mwanamume mwenye shati la buluu lililopigwa pasi likanyooka. Ukumbi wa hoteli ulikuwa umefurika wachezaji wa tenisi, mabegi marefu ya raketi na makocha wanaobishana na watu wa mapokezi. Mlango ulijifunga, ukagonga ubao, ukafunguka, ukajifunga tena. Ndani ya lifti kulikuwa na mwanamke mwenye sketi nyeupe ya mazoezi, soksi moja imeshuka, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani. Hakusaidia. Alikuwa anausoma ubao.

"Hapa nimepangwa na namba mbili," alisema. "Wiki iliyopita nilipangwa na namba moja. Nani huyu anayenipenda hivi?"

"Mkono wangu," alijibu mwanamume kutoka nyuma ya ubao. "Mimi ndiye karani wa droo. Samahani, dada."

"Samahani yako ina nyuzi kama raketi, nikachezee?"

Karani alicheka, naye akacheka, na mpaka lifti inafika ghorofa ya tano kila mmoja alikuwa ameshajua kwamba mwenzake hana mtu.

Mwanamke huyo wenzake walimwita Shoto kwa ajili ya mkono wake wa kushoto. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, kocha wake alikuwa shangazi yake, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitolewa raundi ya kwanza na watu ambao picha zao ziko kwenye mabango. Miezi minane alipendana na karani, kwa simu zaidi kuliko kwa macho. Wakikutana kwenye mashindano waliingia hotelini kwa milango tofauti, kwa sababu karani haruhusiwi kusimamia droo ambayo mpenzi wake anacheza, na karani alikuwa hajamwambia mtu.

"Nieleze tena, kipenzi," Shoto alimwambia siku moja kwenye simu, "kwa nini kila mara naangukia kwa vigogo."

"Kwa sababu huna namba. Mnaingia thelathini na wawili. Wanane wa juu kwenye orodha ya viwango tunawapa namba na kuwatenga. Namba moja anakaa juu kabisa ya karatasi, namba mbili chini kabisa, wengine tunawapangia kwa kura, kila mmoja mbali na mwenzake, wasikutane kabla ya robo fainali. Nyie mliobaki ni kete kwenye mfuko. Natia mkono, natoa, naandika."

"Kwa hiyo walioshiba wanalindwa, sisi tunatupwa tu."

"Panda hadi nane, utalindwa na wewe."

"Sitaki kulindwa. Nataka waandike namba mbele ya jina langu. Mara moja tu, nikiwa bado na magoti."

Akaanza kupanda. Alishinda mechi kwenye viwanja ambavyo hata mzoa taka hakusimama kutazama, na pointi zikaja moja moja.

Jumamosi moja, ukumbi ukiwa umejaa, karani alisoma wenye namba kuanzia juu. Alipofika nane, sauti yake ilikwaruza kidogo. Lilikuwa jina la Shoto. Baadaye mkono wake ulitoa kete ya mchezaji mmoja mrefu, msichana mkimya, akamwandika kwenye mstari chini ya namba moja, yaani wakutane raundi ya kwanza. Shoto, aliyevaa gauni la njano alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo, hakumwangalia karani hata kidogo, lakini nusu saa baadaye simu ya karani ililia.

"Namba Nane anaongea. Unaongea na mtu mzito, chagua maneno."

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Nimempigia mama, ameniuliza kama nane ni nzuri kuliko moja. Nimemwambia leo ndiyo."

Karani alikata simu akiwa anatabasamu, akachukua orodha ya viwango ili aiweke kwenye faili. Hapo ndipo alipoona tarehe. Ilikuwa orodha ya Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Akatafuta mpya. Humo pointi za Shoto za mwaka jana zilikuwa zimemaliza muda na kufutwa, na yule mrefu alikuwa amempita kwa pointi kumi na mbili. Shoto alikuwa wa tisa. Karani alikuwa ameona jina la mpenzi wake kwenye nane, akafurahi, akasahau kuangalia tarehe.

Alishika simu ampigie Shoto, akaiweka chini. Wapo watakaosema alikuwa mwoga na wapo watakaosema alikuwa mjinga. Waache waseme. Alibeba orodha zote mbili mpaka ofisini kwa mkurugenzi wa mashindano.

"Nani mwingine ameona?" mkurugenzi aliuliza.

"Mimi."

"Basi hakuna aliyeona. Ukumbi mzima umeshasikia."

"Namba nane ni ya yule mrefu, na kanuni inasema wabadilishane mistari. Na kuna jambo lingine, mzee. Shoto ni mpenzi wangu, miezi minane sasa. Nilipaswa kusema kabla sijagusa kete."

"Unajua kwamba unamwaga unga wako?"

"Najua."

Alivua beji mwenyewe, akaiweka mezani juu ya orodha.

Shoto aliliona sahihisho kwenye ubao wa matangazo, njiani kwenda mazoezini. Namba ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na jina lake sasa lilikuwa chini ya namba moja. Alisoma mara tatu, huku wenzake wakijifanya wanafunga viatu. Kisha akapiga simu.

"Ulikuwa na namba yangu ya simu?"

"Shoto, orodha ilikuwa ya zamani, kosa ni..."

"Sijauliza orodha. Kama namba si yangu, si yangu. Nauliza kwa nini nimejua kwa ubao, kama mpita njia."

"Ningesikia sauti yako ningenyamaza."

"Umelinda kiti chako, basi. Kikalie vizuri. Usinipigie tena."

Karani hakumwambia kwamba kiti hakipo. Aliona itakuwa kama kumwomba huruma.

Shangazi ndiye aliyesema. Alimkuta Shoto chumbani, amekaa sakafuni, anafunga mkanda mpya kwenye mpini wa raketi kwa hasira.

"Kiti kipi, mwanangu? Nilikuwa pale mlangoni kwa mkurugenzi naomba uwanja wa mazoezi. Amevua beji mbele ya macho yangu."

"Kwa kosa la orodha?"

"Kwa ajili yako. Amesema wewe ni mpenzi wake."

Shoto aliacha mkanda. "Alisemaje hasa? Kwa sauti gani?"

"Ya kawaida. Kama mtu aliyeulizwa saa akaitaja."

Miezi minane Shoto alikuwa akilisubiri neno hilo lisemwe mchana, mbele ya watu, na lilikuwa limesemwa siku ileile aliyomkatia simu. Aliona aibu, kisha akaona hasira, safari hii kwa mkurugenzi, kwa droo, kwa milango yote ya nyuma. Akavaa viatu, akashuka mpaka dirisha la kadi za wageni. Kila mchezaji ana haki ya kadi mbili. Moja ilikuwa ya shangazi. Ya pili hakuwahi kuichukua.

Jumatatu saa nne asubuhi, shangazi alimkuta karani nje ya geti, sanduku miguuni, anasubiri teksi.

"Vaa hii," alisema, akimpa kadi. "Mechi inaanza, unanichelewesha."

Kwenye nafasi ya uhusiano na mchezaji palikuwa na neno moja, kwa herufi kubwa zilizolala upande wa kushoto: MCHUMBA. Karani alilisoma, akaivaa kadi shingoni, akaenda kukaa mstari wa mbele, mkabala na mkurugenzi.

Shoto alichukua seti ya kwanza, sita kwa nne, na uwanja ukasimama. Namba moja akachukua ya pili. Ya tatu ilikwenda sita kwa sita, ikabidi pointi za kuvunja sare, na mpira wa mwisho wa Shoto ukagonga ukanda wa wavu, ukabaki upande wake. Sitakudanganya, msomaji, alishindwa. Lakini namba moja alimpa mkono huku anahema, na watu walikuwa wanaita jina la aliyeshindwa.

Shoto hakuelekea mlango wa wachezaji. Alivuka uwanja na jasho lake, akasimama chini ya viti, kamera zikamfuata.

"Umesoma kadi?"

"Nimesoma. Lakini hukuniuliza."

"Na wewe uliponiandika chini ya namba moja, uliniuliza?"

"Hapana."

"Basi tumelingana. Unakubali, au unakata rufaa?"

"Nakubali," karani alisema.

Akashuka, akambebea Shoto begi la raketi, na wote wawili wakatoka kwa lango kubwa.