Goti la Kiberenge

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiberenge alimsaidia baba yake kufungua karakana. Baba alikuwa fundi baiskeli, na karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Binti alitoa nje pampu, beseni la maji la kutafutia matundu ya tyubu, na benchi la wateja. Kisha alikaza kamba za viatu, akaaga, akatimua mbio. Jina la Kiberenge, kile kigari cha relini, alipewa na watu wa mtaani, kwa sababu alikuwa mfupi, miguu yake ilikuwa na kelele, na akishaondoka hakuna wa kumsimamisha.

Lakini wiki ile alikwenda shule akitembea. Goti la kulia lilimuuma. Chini yake kidogo palitokeza kinundu ambacho ukikigusa unaona nyota mchana. Akipanda ngazi za darasani, linauma. Akiketi sana, likianza kunyooka linauma tena. Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huu kwa mara ya kwanza alitazamiwa kukimbia mita mia nne kwenye mashindano ya shule zote, tena akimbie zamu ya mwisho kwenye mbio za kupokezana vijiti. Aliamini kwamba ukisema unaumwa tu, nafasi yako anapewa mwingine.

Siku ya kuchagua timu, mwalimu wa michezo aliwapanga mstari. Alikuwa mama mmoja mrefu, aliyevaa filimbi shingoni hata akiwa anasahihisha madaftari.

"Kila mtu aruke kwa mguu mmoja," alisema. "Kumi kulia, kumi kushoto. Anayeumia aseme sasa. Simfukuzi mtu."

Kiberenge akaruka kumi kwa mguu wa kushoto. Kisha akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akageuka, na mwalimu alipokuwa anaandika, akaruka kumi nyingine kwa mguu uleule wa kushoto.

"Safi," mwalimu akasema, akaweka alama ya vema.

Redio aliona. Huyu alikuwa rafiki yake, na ndiye mkimbiaji wa tatu ambaye angempa kijiti. Aliitwa Redio kwa sababu hazimwi.

"Kwani wewe una miguu mingapi ya kushoto?" alimnong'oneza.

"Nyamaza bwana. Linauma kidogo tu, litapoa."

"Haya. Lakini mdomo wangu naujua, sikuahidi kunyamaza hadi kesho."

Kesho haikufika. Jioni ileile, mazoezini, Redio alikuja mbio kijiti mkononi. Kiberenge akaanza kuondoka huku amenyoosha mkono nyuma. Alipokanyaga kwa mguu wa kulia, goti likachoma kama limepigwa msumari. Akasimama ghafla. Redio hakuwa na breki. Wakaanguka wote wawili, kijiti kikaruka kivyake, na kiwiko cha Redio kikachubuka hadi damu.

"Imekuwaje?" mwalimu aliuliza.

Redio akapuliza kiwiko chake, akatazama pembeni. Kumwona Redio kimya kulimuuma Kiberenge kuliko lile goti.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Asubuhi niliruka kwa mguu wa kushoto mara mbili. Huu wa kulia unaniuma, wiki ya tatu sasa."

Alisubiri kufokewa. Mwalimu alichuchumaa, akalitazama goti, akatikisa kichwa.

"Kesho huji mazoezini. Unakwenda hospitali na mzazi wako."

Baba alifunga karakana siku ya kazi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Daktari wa viungo alilikunja goti, akalinyoosha, akabonyeza kinundu taratibu.

"Hujavunjika," alisema. "Unarefuka haraka, binti. Misuli ya paja inavuta mfupa ambao bado unakua, halafu wewe unaukimbiza kila siku. Tutaupumzisha, tuimarishe misuli."

"Siku mbili?" Kiberenge aliuliza.

"Wiki sita."

"Hapo sasa," baba akasema. "Ni kama wateja wangu, Daktari. Wote wanataka upepo, hakuna anayetaka kuzibiwa tundu."

Mashindano yalikuwa baada ya wiki nane. Daktari alimfundisha mazoezi, akampa na sharti moja. Kila akimaliza, amwambie baba au mwalimu maumivu ni namba ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Ikifika tatu, apunguze. "Na namba ni ya goti," alimwambia, "siyo ya unavyotamani."

Basi Kiberenge akaanza. Aliegemea ukuta wa karakana kama aliyekaa kwenye kiti kisichokuwepo, akihesabu huku mapaja yakitetemeka.

"Fundi," mteja mmoja akauliza, "hata stuli ya mtoto imekushinda?"

"Hicho ndicho kiti chake," baba akajibu. "Wewe leta gurudumu."

Alinyoosha misuli asubuhi na jioni. Aliweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Jioni alikaa pembeni ya uwanja akishika saa, huku msichana mwingine akikimbia mahali pake. Mara moja alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kushika saa. Wiki ya nne akaruhusiwa kukimbia polepole. Wiki ya sita akaongeza mwendo, na kelele za miguu yake zikarudi.

Zikiwa zimebaki siku kumi, mwalimu alimpima mita mia nne. Alikimbia vizuri sana. Lakini hatua za mwisho, goti lilianza kunung'unika.

"Namba?" mwalimu aliuliza, karatasi ya majina mkononi.

Neno sifuri lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nani angejua? Kiberenge akalitazama goti.

"Tatu," alisema. "Kwenye mia nne ni tatu, Mwalimu. Nikikimbia mia moja, sifuri."

Mwalimu akachora mstari juu ya jina lake kwenye mita mia nne. "Basi utakimbia kijiti tu."

Siku ya mashindano, Kiberenge alizitazama mbio za mia nne asubuhi akiwa kwenye viti, akitafuna ukosi wa fulana. Jioni ikawa zamu yao. Redio alifika akiwa nafasi ya tatu, akipumua kama mvukuto wa mhunzi. Kijiti kikatua kiganjani, Kiberenge akaondoka. Mguu wa kulia ukasukuma. Ukasukuma tena. Goti kimya. Akampita mmoja kabla hajajua kapitwa. Aliyebaki alikuwa hatua mbili mbele, halafu moja, halafu wako sambamba, na Kiberenge akatanguliza kifua kwenye mstari. Upande wa shule yao ulilipuka. Baba alikuwa amesimama juu ya kiti, akipunga kofia, akiwaambia hata asiowajua, "Huyo ni wangu. Huyo hapo, ni wangu."

Walipokaa kwenye nyasi kunywa maji, mwalimu alisimama mbele yao.

"Mtasema tumeshinda kwa sababu Kiberenge ana mbio," alisema. "Mbio anazo siku zote. Tumeshinda kwa sababu aliniambia tatu. Angenidanganya, ningemkimbiza mia nne asubuhi, na jioni hii nisingekuwa na wa kupokea kijiti. Mwili ukiuma, mwambieni mtu mzima mapema. Kuficha maumivu siyo ushujaa. Ushujaa ni kusema kweli, halafu ukafanya kazi ya kupona hadi mwisho."

Kisha mkono mmoja ukanyanyuka polepole. Ulikuwa wa Redio.

"Mwalimu, mimi kisigino kinaniuma. Tangu Jumatatu iliyopita."

"Wewe?" Kiberenge alishangaa. "Wewe unayetutangazia hadi ndoto zako?"

"Hilo moja lilinikwama."

Wote wakacheka, na mwalimu pia. "Vua kiatu," alisema.

Kiberenge akapiga magoti kwenye nyasi, yote mawili, bila hata kufikiri, akaanza kumfungulia rafiki yake kamba.