Nilisema "Nihifadhie", Wakaifungia Sura ya Mwanangu

Nina umri wa miaka sitini na minne. Shule niliishia darasa la tatu, kule Bujumbura, kwa hiyo nitasema kama ninavyojua. Nakaa Lawrence Heights, hapa Toronto, na mjukuu wangu Neema. Mama yake, mwanangu Domitila, aliuawa vitani. Nyumba iliungua yote. Ilibaki picha yake moja tu, niliyokimbia nayo kifuani...

Neema alipokuwa mdogo, kila akiiona picha ile alilia mpaka akatapika. Nikaona niiondoe machoni pake hadi akue.

Wakati huo nilikuwa namhudumia mzee mmoja Mrusi, mgonjwa wa miguu. Zamani alikuwa mwanadiplomasia, akatumwa kwetu Afrika, kisha akakosana na serikali yake akakimbilia Kanada. Kwao hakurudi tena. Kiswahili alikijua! Cha vitabuni, kimenyooka kama rula, lakini Kiswahili. Nikimwambia, "Mzee, maliza uji," ananijibu, "Bibi Maria, wewe ni mkali kuliko serikali yangu!" Tunacheka. Wakimbizi wawili, tungefanya nini?

Nikampa picha. Nikasema neno moja: "Nihifadhie." Kwangu maana yake ilikuwa nishikie, nitakuja kuichukua. Akaliandika neno hilo nyuma ya picha kwa herufi zao za Kirusi, akaitia kwenye makasha ya karatasi zake. Nikaridhika.

Mzee akafa ghafla. Sijamaliza hata kulia, mwanawe akawa ameshapeleka makasha yote chuo kikuu. Wosia ulisema karatasi zote zihifadhiwe, na zisifunguliwe kwa miaka ishirini!

Ndipo Neema akaniuliza, kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia lakini hakisemi: mama alifanana na nani? Ningemwonyesha nini?

Nikamshika mkono tukaenda huko chuo kikuu. Kwa bahati makasha yalikuwa bado yanapangwa. Binti wa pale, mpole, akaitoa picha. Alikuwa ameibandikia kikaratasi. Neema akakisoma, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akaniambia kwa Kiswahili: "Bibi... wameandika mwanamke asiyejulikana."

Asiyejulikana! Mtoto niliyemzaa mimi!

Nikasema ageuze nyuma. Yule binti alijua Kirusi, akasoma polepole, "Ni-hi-fa-dhi-e," bila kujua anasema nini. Nikapiga kelele: hilo neno langu! Neema akamweleza maana yake. Binti akainama, akasema ndiyo hiyo kazi yao, wanaihifadhi. Jina la Domitila halikuandikwa popote, na wosia ni wosia. Hata kutupatia nakala hakuruhusiwa.

Akatuacha tuitazame kidogo. Neema hakulia. Hakutapika. Akaigusa pua ya mama yake, kisha akaigusa yake. Halafu kasha likafungwa...

Wasomaji, nawaomba, chukueni kalamu leo hii muandike majina nyuma ya picha za watu wenu. Na msimfiche mtoto sura ya mzazi wake eti mpaka akue. Mwacheni alie! Machozi yana mwisho wake. Mimi nilimwepusha Neema na kilio, na sasa kila asubuhi anasimama mbele ya kioo, anajishika pua, ananiuliza:

"Bibi, hapa ndio mama?"

Namwambia ndiyo, hapo ndio Domitila. Kisha natoka nikalie chooni, asinione.