Mlinzi Nyuma ya Kiti

Baada ya shule Kibiriti hakwenda nyumbani wala uwanjani. Alikwenda saluni. Alisukuma mkoba wake chini ya benchi, akachukua rundo la taulo za kukunja, akasimama nyuma ya kiti ambacho mama yake alikitumia kusukia wateja. Taulo zilikuwa kisingizio tu. Kazi yake hasa ilikuwa kuangalia mikono ya mama.

Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, maana alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kuwaka. Lakini saluni alijifunza kunong'ona. "Mama, huyu alitaka mistari ya kurudi nyuma." "Mama, upande huu bado." Mama alifumua, akaanza upya. Wateja walicheka na kusema, "Mama, hapa umezaa msusi!" Kibiriti naye alicheka, ingawa hakuwa na cha kuchekea.

Mwaka uliopita mama aliugua sonona. Hakuwa amefiwa wala kugombana na mtu. Huzuni ilimwingia tu kama unyevu unavyopanda ukutani. Alilia, akaacha kula, akaacha hata kuoga. Majirani, ambao hawakosi la kusema, walisema anadeka. Bibi hakuwasikiliza. Alimshika mkono akampeleka kliniki, na dawa zikasaidia. Mama aliacha kulia, akala, akarudi kazini, na wale wale majirani wakatangaza kwamba amepona.

Hakuwa amepona. Kichwa chake kilikuwa hakishiki kitu. Zamani aliweza kusuka huku anasimulia kisa kirefu bila hata kutazama vidole. Sasa alisimama na kitana mkononi, hajui alikuwa amefikia wapi. Kilichomtisha Kibiriti zaidi ni dawa ya kulainisha nywele, kwa sababu ikikaa kichwani kupita muda wake inaunguza. Mama mwenyewe aliiogopa. Aliwaambia wateja, "Njoo alasiri, dawa hushika vizuri alasiri." Ulikuwa uongo mtupu. Alasiri kulikuwa na Kibiriti wa kutazama saa.

Siku moja Kibiriti alimsindikiza mama kliniki, na daktari aliuliza, "Na kazini? Unasahausahau? Unashindwa kufuatilia jambo hadi mwisho?"

Mama aliinamisha uso. Kibiriti akadakia, "Mama yuko sawa kabisa, daktari. Hata wateja wanamsifu." Aliogopa kwamba mama ataitwa mwendawazimu na kufukuzwa kazi. Mama hakumkanusha. Walirudi nyumbani wameshikana mikono, na Kibiriti akaamini kwamba amemsaidia.

Kisha ikaja siku ambayo mwalimu aliwabakiza darasani kwa jaribio la hesabu. Saluni, mteja mmoja, karani wa ofisi, alikuwa na haraka, na mwenye saluni hakutaka kusikia habari za alasiri. "Mpake dawa sasa hivi," alimwamuru mama. Mama akavaa glavu, akampaka. Halafu akaitwa kumwosha mteja mwingine. "Nakuja," alimwambia karani, na neno hilo likamtoka akilini papo hapo.

Karani alisikia kuungua, akauma meno. Wateja wote wa saluni wameambiwa kwamba dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Aliposhindwa kuvumilia, alipiga ukelele uliosikika mtaani.

Kibiriti alifika akihema. Karani alikuwa ameinamishwa kwenye beseni, maji yanamwagika, nywele zikitoka mashada mashada. Ngozi ya kichwa ilikuwa nyekundu. Mama alisimama pembeni, glavu bado mikononi, akirudia, "Nilikuwa wapi? Nilikuwa wapi?"

Karani alipelekwa hospitali. Mwenye saluni alirudi amenyong'onyea. "Dada, nakupenda, lakini hili siwezi. Nenda nyumbani mpaka nikuite."

Mama alilala kuelekea ukutani. Safari hii hakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kibiriti alimletea chai.

"Akili yangu imekufa, mwanangu," mama alisema bila kugeuka. "Kimebaki kiwiliwili tu. Mngeniacha."

Chai ilipoa. Kibiriti alikaa sakafuni akimfikiria karani na kichwa chake, halafu maneno yake mwenyewe kwa daktari, na hakuona mlango wa kutokea. Alihisi kwamba amemwua mama yake kwa mdomo wake. Mwishowe akamfuata bibi jikoni. "Bibi, nilimdanganya daktari."

Bibi aliepua sufuria motoni. "Kesho tunakwenda wote," alisema. "Na utasema mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja." Kisha akaenda kulala kando ya mama.

Kliniki Kibiriti alisema yote, kamasi na machozi vikimtiririka. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamgeukia mama.

"Akili yako haijafa. Sonona haiondoi furaha tu. Inapunguza umakini, kumbukumbu na wepesi wa kuamua, na machozi yanaweza kukauka lakini matatizo haya yakabaki. Yanatibika, lakini polepole. Siwezi kutibu nisichoambiwa." Akamtazama Kibiriti. "Na wewe ni mtoto. Mzigo huu haukuwa wako."

Daktari alibadilisha dawa. Kila wiki mama alikwenda kwa mshauri, wakafanya mazoezi ya kushika jambo akilini, na mengi alishindwa. Alifundishwa kutembea asubuhi, kulala mapema, kufanya kitu kimoja kwa wakati. Kulikuwa na siku alirudi akisema haiwezekani, akajilaza na viatu miguuni. Bibi alimvua viatu, na wiki iliyofuata akampeleka tena.

Mama na Kibiriti walikwenda kumwomba radhi karani. Aliwapokea mlangoni, kitambaa kichwani. Hakuwakaribisha ndani.

Baada ya miezi mingi mwenye saluni alimwita. Mama angesuka tu, dawa ya nywele asingeigusa. Siku ya kwanza aliomba redio izimwe, akasuka huku akijisemea kwa sauti ya chini, "Mstari wa kulia. Sasa wa kati." Kibiriti alisimama mahali pake pa zamani na taulo zake. Aliona kosa. Alifungua mdomo, akaufunga.

Vidole vya mama vilisita. "Samahani, dada," alimwambia mteja. "Hapa nimekosea, nafumua." Akafumua, akasuka upya.

Mteja alipoondoka, mama aliketi, amechoka kweli kweli. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Hawakusema ni maradhi ya tumbo au ya kichwa. Uliyaficha maradhi yangu kwa kunipenda, nami nikakuacha uyafiche kwa woga, na aliyeungua ni mtu mwingine. Ukiniona nimepotea tena, usinong'one nyuma yangu. Sema, hata mbele ya daktari."

"Ndiyo, mama."

"Na kesho usije hapa. Nenda uwanjani ukacheze na wenzako."

Kibiriti aliziweka taulo chini, akalia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anamtazama.