Honi ya Konani

Yule dereva, mtoto wa kwanza wa jirani yangu, alikuwa mtu wa asubuhi. Kabla jogoo hajajikuna, yeye keshafuta vioo vya basi, keshapuliza chai, keshaondoka. Mkiniuliza haya nimeyatoa wapi, nimeyatoa kwa konda wake, aliyekuja kwangu siku moja akala, akanywa, kisha akatapika maneno yote. Mimi sikumlazimisha. Nilimwongezea chai tu.

Basi lao lilipita barabara ya pwani, na abiria wake wengi walikuwa watembezi. Hao ni watu wa mjini wenye viatu vinene na chupa za maji kiunoni. Hushuka Kituo cha Mnara asubuhi, wakatembea kwa miguu juu ya majabali ya bahari mpaka Kituo cha Tangi, na jioni basi lile lile huwaokota. Mtu ana kiti chake kizuri, anakiacha akatembee kwa raha! Magoti yangu yangenishitaki.

Aliyewaongoza ni mdogo wake dereva. Wote tulimwita Chokaa, kwa kuwa ndiye aliyepaka mawe ya njia alama nyeupe, akizirudia kila mvua ikizifuta. Dole gumba lake halikutakata hata siku moja. Kila kikombe cha mama yao kilikuwa na alama ya dole lile.

"We mtoto, utaninywesha chokaa mpaka lini?" mama mtu alikuwa akigomba, huku anacheka.

Dereva hakuwahi kuchekewa hivyo. Yeye ndiye aliyeibeba nyumba ile tangu baba yao afe. Akileta unga, anaambiwa weka pale. Chokaa akija mikono mitupu, anapishwa kiti. Likamkaa kama mwiba wa samaki kooni, halimezeki, halitemeki.

Sasa, upande ule una ukungu wa ghafla. Unashuka alasiri, na mtu haoni hata vidole vyake, seuze mawe yenye chokaa. Ndiyo maana madereva wa njia ile wana desturi yao. Ukifika Tangi unasimama, unapiga honi ndefu, unanyamaza, unapiga tena, mpaka watembezi waifuate sauti na kutokea barabarani. Lakini kabla ya kituo kuna kona. Hapo bahari imelikata jabali na kuingia ndani kama shoka kwenye gogo. Njia ya miguu iko upande huu wa ufa, barabara iko upande wa pili. Konani hapigi mtu honi, maana anayeifuata huishia ufani. Kila dereva huambiwa hilo kabla hajakabidhiwa ufunguo.

Asubuhi moja mama yao alitamka mbele ya wote wawili kwamba nyumba atamwachia Chokaa. "Wewe una kazi yako," alimwambia mkubwa, bila hata kugeuza shingo. Dereva akasema haya, mama. Akaenda zake kazini.

Alasiri ukungu ukashuka. Chokaa alikuwa peke yake majabalini na kopo lake. Basi lilikuwa tupu. Dereva akasimama konani.

"Kaka, kituo ni kule mbele," konda akasema.

"Nyamaza."

Akapiga honi ndefu. Akanyamaza. Akapiga tena. Ndipo konda akaisikia sauti ng'ambo ya ufa, sauti ya mtu mwenye furaha.

"Naja, kaka!"

Kisha mawe yakaporomoka. Kisha kimya.

Chokaa hakuonekana tena; lilipatikana kopo lake tu. Watu wakasema ukungu umemla. Mama mtu akakiweka kabatini kikombe cha mwisho chenye dole, hakikuoshwa. Akawa anamtazama mwanawe mkubwa kwa namna ya kutafuta kitu. Siku moja akamuuliza, "Siku ile, honi ulipiga?"

"Nilipiga, mama. Hakuisikia."

Wiki ile ile dereva akaing'oa honi ya basi kwa mkono wake, akaitupa ufani, akasema imeungua. Kitufe katikati ya usukani kikabaki pambo. Watembezi akawa anawaita kwa kupiga ubavu wa basi kwa kiganja, na siku za ukungu alikataa kabisa kusimama Tangi mpaka utawanyike. Konda alijua. Konda alinyamaza, maana ana watoto na kazi ni kazi. Mla nawe hafi nawe.

Dereva alikuwa na binti mmoja, muuguzi wa mji wa mbali, ndiye mboni ya jicho lake. Akaja likizo. Asubuhi moja akapanda basi la baba yake na viatu vinene miguuni.

"Nakwenda kumtembelea baba mdogo," akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha njia ile."

"Alama zimefifia, mama. Usiende."

"Naikumbuka kwa nyayo, baba. Wewe jioni ukungu ukishuka, nipigie honi kama zamani."

Hapo ndipo angesema: honi sina. Kinywa kikafunguka. Lakini angeulizwa iko wapi, na nani kaing'oa, na kwa nini. Mwana wa watu akaona heri kuificha aibu yake kuliko kumlinda mtoto wake.

"Sawa, mama," akasema.

Alasiri, ukungu. Mzito, mweupe, umelala barabarani kama pamba. Safari hii dereva hakungoja utawanyike. Aliliswaga basi mpaka Tangi, akaruka nje, akapiga ubavu wa basi mpaka kiganja kikachanika. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Ukungu ukameza vyote. Akarudi kitini. Konda akamwona akibonyeza kitufe kile kilichokufa. Anabonyeza, ananyamaza. Anabonyeza tena.

Hakuna.

Mara akageuza kichwa.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nini, kaka?"

"Honi. Inatoka konani."

Konda hakusikia kitu. Aliniapia. Hata bahari, alisema, ilikuwa imenyamaza.

"Ataifuata," dereva akasema. "Mwanangu ataifuata."

Akashuka mbio. Ukungu ukamfunika kabla hajafika mbali. Ikabaki sauti yake tu. "Usiifuate! Mama, usiifuate!" Ikawa inakwenda. Inakwenda. Ikasimama. Halafu ikasema polepole, kama mtu aliyeitwa na anayemjua:

"Naja."

Mawe yakaporomoka.

Konda alikuwa bado ameshika nguzo ya mlango aliposikia viatu nyuma ya basi. Binti. Mzima, mkavu, anatabasamu.

"Leo umenipigia muda mrefu, baba," akasema akipanda. "Ilikuwa kama mtu ananishika mkono. Nimekuja moja kwa moja."

Akakitazama kiti cha dereva. Kilikuwa kitupu.

Fundi wa gereji, mtu asiyeamini hata ndoto zake, ndiye aliyelifungua lile basi. Mahali pa honi palikuwa na nyaya zilizokatwa, zimeshika kutu. Lakini juu ya kitufe palikuwa na alama ya dole gumba. Nyeupe. Chokaa mbichi. Akaifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa. Alipomaliza chai, ilikuwapo tena, imelowa.

Mama mtu aliposikia, akanijia nimsindikize. Kikombe alikifungia kwenye pindo la nguo. Pale gereji akakisogeza karibu na usukani, akatazama dole la kikombe, akatazama dole la kitufe. Nilidhani atalia. Hakulia. Tangu siku ile sijamwona akilia.

"Kumbe kaka yake alipiga siku ile," akasema, "ila hakupiga kituoni." Akamgeukia fundi. "Usiifute, mwanangu. Huyu alikuwa anamrudisha mtoto nyumbani."

Kikombe akakiacha juu ya dashibodi. Nyumba akamwandikia mjukuu, ambaye hajawahi kuja kulala humo hata usiku mmoja.

Basi limepakwa rangi nyingine, na limefungwa usukani mpya na honi mpya. Dereva mpya ni kijana mcheshi, si wa huku, hajui lolote, wala konda hajamwambia. Ila konda anasema kila ukungu ukishuka, wakifika Tangi, yule kijana hupiga honi, kisha hutazama kiganja chake, akakifuta kwenye suruali.

Suruali yenyewe nimeiona ikianikwa. Pajani, upande wa kulia, ina weupe usiotoka.