Christine Hakuwa Mvivu

Christine alikuwa msusi wa nywele. Saluni aliyofanyia kazi ilikuwa mtaa wa Kongo, upande wa Kawangware. Nyumba yake ilikuwa Sarang'ombe, Kibera. Kila asubuhi alikwenda kazini kwa miguu, na kila jioni alirudi kwa miguu. Zamani njia hiyo ilimchukua saa moja. Siku hizi ilimchukua saa moja na nusu, kwa sababu alisimama mara nyingi kupumua.

Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Mumewe, Oluoch, alikuwa fundi wa kujenga. Walikuwa na watoto watatu. Mourine alikuwa na miaka kumi na miwili, Phanuel tisa, na Duncan alikuwa ametimiza miwili.

Siku ya Christine ilianza saa kumi na moja alfajiri. Alichota maji, akawasha jiko, akapika chai. Aliwaamsha watoto, akawavisha, akawapa chai na mkate. Yeye alikunywa chai ya rangi, kavu, akiwa amesimama. Kisha alimpeleka Duncan kwa jirani aliyelea watoto, akashika njia ya Kongo.

Saluni alisimama mpaka jioni. Mchana alikunywa chai nyingine na andazi moja. Akirudi nyumbani alipika, akafua sare za shule, akamwogesha mtoto. Alikula baada ya wote kumaliza, na aliendelea kunywa chai. Chai ndiyo iliyomshikilia, alisema.

Tangu amzae Duncan, hedhi yake ilikuwa imebadilika. Awali ilichukua siku nne. Sasa ilichukua siku nane, na damu ilitoka nyingi. Christine hakumwambia mtu. Aliona ni mambo ya wanawake, na kwamba yatapita yenyewe.

Hayakupita. Akipanda kilima, moyo ulimwenda mbio. Akiinama na kuinuka, aliona giza. Aliacha kwenda kwaya ya kanisa. Wateja walipopiga hadithi saluni, yeye alinyamaza. Pia alianza kutafuna odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni. Alinunua pakiti moja kwa siku, kisha mbili.

"Siku hizi umekuwa mvivu, Mama Mourine," Oluoch alimwambia Jumapili moja alipomkuta amelala mchana, vyombo havijaoshwa.

 Christine aliinuka akaosha vyombo. Moyoni alikubali kwamba mumewe alisema kweli.

*

Alhamisi moja, Christine alikuwa akimsuka mama mmoja nywele ndefu za kuongeza. Mama huyo alikuja na binti yake wa miaka minne. Mtoto alikaa sakafuni, karibu na kiti cha mamake, akichezea chanuo.

Kusuka kulipoisha, ilibaki kuchovya ncha za nywele kwenye maji ya moto ili zisifumuke. Christine alikwenda jikoni, akajaza jagi maji yaliyochemka. Alipiga hatua tatu. Akaona giza. Masikio yakavuma.

Aliposhtuka alikuwa chini. Jagi lilikuwa limepinduka. Maji yalikuwa yameunguza mguu wake wa kushoto, mengine yakatiririka sakafuni na kusimama karibu kabisa na goti la mtoto. Mama yake alimnyakua akapiga kelele.

Mwenye saluni, Risper, alikuja mbio. Mteja mmoja alisema mguu upakwe dawa ya meno.

"Wacha! Hakuna kupaka kitu," Risper alisema. Alimkalisha Christine karibu na bomba, akamwagilia mguu maji baridi kwa dakika ishirini. Kisha akampeleka kwenye zahanati, mguu ukafungwa.

Wakiwa wanangoja pikipiki ya kumrudisha Christine nyumbani, Risper alimuuliza, "Wewe si mlevi. Kazi yako naijua. Sasa ni nini?"

"Sijui. Nimechoka tu."

"Hiyo maji ingemwagikia huyo mtoto, tungesema nini?"

Christine alianza kulia.

"Mimi sikufuti kazi," Risper alisema. "Kiti chako hakuna mtu atakikalia. Lakini usirudi kama uko hivi. Kwanza ujue unaugua nini."

*

Jumamosi, Hayat alibisha mlango. Hayat alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alizaliwa hapo hapo Kibera katika familia ya Wanubi, na alizijua nyumba zote za ploti alimoishi Christine. Kila mwezi alipita mlango kwa mlango na mkoba wake wa kazi.

"Sasa, Mama Mourine. Nasikia uliungua."

"Niliungua, ndiyo. Karibu ukae."

Hayat alimpima shinikizo la damu, akautazama mguu. Alipokuwa akiandika, aliona karatasi ya odowa juu ya meza.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu. Ni ya kutafuna tu."

"Uko na mimba?"

"Hapana."

Hayat hakucheka wala hakumkaripia. Alimsogeza Christine mlangoni penye mwanga, akavuta chini kidogo kope ya jicho lake.

"Hapa ndani panafaa kuwa pekundu," alisema. "Pako pamekuwa peupe. Hedhi yako iko aje?"

Christine alimtazama mumewe, aliyekuwa ameketi humo ndani. Oluoch aliinuka ili atoke nje.

"Kaa tu, Baba Mourine," Hayat alisema. "Haya ni mambo ya nyumba yako."

Oluoch akakaa. Christine akaeleza, kwa sauti ya chini, habari za zile siku nane. Ilikuwa mara ya kwanza Oluoch kuzisikia.

"Nafikiri umepungukiwa na damu," Hayat alisema. "Damu ndiyo hubeba hewa kutoka mapafuni kwenda mwili mzima. Ikipungua, moyo unakimbia sana ili kazi iende. Mtu anachoka hata akilala. Hamu ya kazi inaisha, hata hamu ya kuongea na watu. Wengine wanatamani kutafuna mawe, au udongo, au barafu. Lakini macho yangu si maabara. Jumatatu uende upimwe."

"Kwa hivyo si uvivu?" Christine aliuliza.

"Uvivu hauangushi mtu akiwa kazini."

Oluoch alitazama sakafu.

*

Jumatatu, Christine alikwenda kwenye zahanati akichechemea. Walimtoa damu kidoleni wakaipima. Daktari alimwambia kiwango chake cha damu ni nane. Mwanamke ambaye hana mimba anafaa kuwa na kumi na mbili au zaidi. Alimpa vidonge vya madini ya chuma, dawa ya minyoo, na dawa ya kupunguza hedhi. Pia alimwandikia akapigwe picha ya tumbo, ijulikane kama kuna uvimbe. Picha hiyo haikuonyesha uvimbe wowote.

Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu, na daktari aliongea haraka. "Kidonge kimoja kila siku. Baada ya mwezi urudi."

Christine alianza kumeza vidonge asubuhi, pamoja na chai yake ya rangi. Siku ya tatu tumbo lilimsokota. Siku ya nne alikwenda choo, akaona kinyesi cheusi. Aliogopa. Siku ya sita aliviacha. Hakumwambia Oluoch.

Baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili, Hayat alirudi kumwona. Oluoch alikuwepo, lakini Mourine alikuwa bado kanisani. Nyama ilikuwa ikichemka jikoni. Hayat aliomba kuona dawa, akahesabu vidonge vilivyobaki.

"Mbona ni vingi hivi?"

"Niliacha," Christine alisema. "Vinaniumiza tumbo. Na choo imekuwa nyeusi kama makaa. Nikajua vinanimaliza."

"Hiyo rangi ni ya dawa yenyewe. Haina shida. Daktari hakukuambia?"

"Labda aliniambia. Sikusikia."

"Ulikuwa unameza na nini?"

"Chai."

Hayat aliweka vidonge mezani. "Mama Mourine, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ni kama hukumeza. Maziwa pia. Meza na maji. Ukiwa na chungwa au ndimu, ni vizuri zaidi. Tumbo likiuma, kula kitu kidogo kwanza."

"Kwa hivyo niache chai?"

"Kunywa, lakini si na chakula, wala na dawa. Ngoja saa moja, hata mbili. Na ukila maharagwe, samaki wadogo kama omena, au mboga kama managu na terere, kamulia ndimu."

Wakati huo Duncan alikuwa amenyoosha mkono kukamata pakiti ya vidonge. Hayat aliichukua upesi.

"Hii iwekwe juu, mbali na watoto. Vidonge hivi vinaweza kuua mtoto mdogo. Si utani."

Oluoch alizipokea dawa mwenyewe, akaziweka juu ya kabati.

Kwa kuwa mguu wa Christine ulikuwa bado umefungwa, na Mourine hakuwepo, Oluoch ndiye aliyepakua chakula siku hiyo. Alipanga sahani kama alivyozoea kuziona. Alijipakulia vipande sita vya nyama. Phanuel alimpa vitatu, Duncan viwili vidogo. Aliweka vitatu kwenye sahani ya Mourine, akaifunika. Mgeni alimpa vinne. Kisha akachukua sahani ya mkewe, akaingiza mwiko sufuriani. Ulitoka na mchuzi. Aliuingiza tena, akakwaruza chini. Mchuzi.

"Mbona nyama haijafika?" aliuliza.

"Haifikangi," Christine alisema.

"Kivipi haifikangi?"

"Kwangu haifikangi. Nikipakua, nanyi mkiongeza, inaisha. Mimi hukula ugali na supu."

"Toka lini?"

 Christine hakuwa na hasira. "Toka Mourine aanze kula chakula."

Oluoch alisimama pale na mwiko mkononi. Alihesabu miaka. Kisha alichukua sahani yake mwenyewe, akahamisha vipande vitatu kwenye sahani ya mkewe. Hayat naye alirudisha viwili.

"Watu wanafikiri mama akiwa na afya ni bahati," Hayat alisema wakila. "Anakula nini? Analala saa ngapi? Nani anamsaidia? Hakuna anayeuliza mpaka aanguke. Mwanamke anapoteza damu kila mwezi. Yeye ndiye anahitaji hicho chakula kuliko nyinyi wote, na yeye ndiye anakula wa mwisho."

"Mimi nilidhani anakula huko jikoni," Oluoch alisema.

"Sasa umejua."

*

Mambo hayakubadilika yote kwa siku moja. Wiki ya kwanza Oluoch alisahau kuchota maji mara mbili, na Christine akayachota mwenyewe huku akinung'unika. Hayat alikuwa amewaambia wasiongeze kazi mpya, wagawanye zile zile. Basi Oluoch alichukua kazi ya kuchota maji na kumpeleka Duncan kwa jirani. Mourine na Phanuel walifua soksi na sare zao kila Jumamosi. Christine alibaki na kupika, na alipakua sahani zote kabla ya mtu kuanza kula, yake ikiwemo.

Mguu ulipopona alirudi Kongo. Risper alimtafutia kiti kirefu, ili asuke akiwa ameketi. Asubuhi Christine alibeba maharagwe na mboga kwenye kontena, na ndimu nusu. Chai aliinywa saa kumi, peke yake. Kidonge alikimeza kwa maji kabla ya kutoka nyumbani, na tumbo likimsumbua alikula ndizi kwanza.

Baada ya mwezi alipimwa tena. Alikuwa amefika kumi. Mwezi wa pili alipata kumi na moja na nusu. Mwezi wa tatu, kumi na mbili nukta tatu. Hedhi ilikuwa imerudi siku tano.

"Nimepona," alimwambia daktari. "Niache dawa?"

"Usiache. Umejaza damu, lakini akiba ya mwili bado iko chini. Meza miezi mingine mitatu. Na hedhi ikizidi tena, njoo mapema. Usingoje kuanguka."

Safari hii Christine alimwomba aseme polepole. Aliandika yote kwenye simu.

Hamu ya odowa ilikuwa imetoweka bila yeye kugundua siku gani. Kilima cha kwenda Ngong Road alikipanda bila kusimama. Saluni alianza tena kubishana na wateja kuhusu habari za mitaa, na Risper alilalamika kwamba sasa anapiga kelele kupita kiasi.

Jumapili moja, baada ya kula, Christine aliingia chumbani akalala. Hakuwa na homa wala kizunguzungu. Alijisikia tu kulala. Nje, Oluoch aliketi kwenye kigoda, akiwa na beseni la vyombo mbele yake, akisugua sufuria kwa majivu.

Jirani yake mmoja, Musembi, alipita na redio mkononi.

"Niaje, Oluoch? Leo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwani bibi yako ni mgonjwa?"

Oluoch alimwaga maji machafu mferejini, akachukua sufuria nyingine.

"Hapana," alisema. "Punguza hiyo redio. Amepumzika."