Jumatano ya Masizi

Saa tatu asubuhi.

Mervyn Haslett aliupanga wizi kwa kutumia kifungua kinywa chake.

Kipande cha mkate wa kukaanga kilikuwa bohari ya forodha, kule bandarini, iliyojaa wiski. Soseji ilikuwa lori. Yai lilikuwa kizuizi cha wanajeshi wa Kiingereza. Kikombe cha chai kilikuwa gereji ya kushushia mzigo. Chumba cha nyuma cha kilabu kilinuka bia ya jana na makoti yaliyolowa mvua, na dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao tangu bomu la Krismasi.

"Mnaingia hapa," alisema, akiisukuma soseji mpaka kwenye mkate. "Mnapakia. Mnapita kwa yai. Mnafika kwa chai."

Kila hatua aliyoimaliza, aliila. Huyo ndiye Mervyn. Kamanda wa Kikosi, shingo kama ya ng'ombe wa maonyesho, haachi ushahidi hata kwenye sahani.

Wesley Pollock aliuliza kuhusu pale katikati, kutoka yai mpaka chai. Mbona hapana kitu?

"Pale mwachie dereva," Mervyn alisema, akapangusa kiini cha yai kwenye kidevu.

Huu ulikuwa mwaka wa sabini na sita, Belfast, upande wa Waprotestanti. Ng'ambo ya ukuta wa mabati walikaa Wakatoliki. Kikosi kilizaliwa kuulinda mtaa dhidi ya walio ng'ambo, na zamani kililinda kweli. Siku hizi kila mwenye bucha, mwenye baa na mwenye teksi alitoa mchango wa lazima, eti wa familia za wafungwa. Wake za wafungwa walipata kuku mmoja kila Krismasi. Mervyn alipata gari jipya. Aliyeuliza hesabu alivunjwa magoti, basi watu wakaacha kupenda hesabu.

Wesley alikuwa fundi magari, mtu mpole, mwenye uso wa mhubiri wa Jumapili. Kwa uso huo alipewa kazi ya kukaa mbele na kuongea na wanajeshi. Nyuma, chini ya turubai, angekaa Uel Crothers na bastola. Uel alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe Heather. Mama yao alikatwa mguu na bomu la walio ng'ambo, na tangu siku ile Uel hakuwa na lugha nyingine ila chuki.

Heather hakujua kazi ni ipi, ila alijua ipo. Asubuhi ile alimfunga mumewe vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Mrudishie mama mtoto wake," alimwambia. "Amebaki na huyo na mguu mmoja. Mengine sitaki kuyajua."

Wesley aliahidi. Kuahidi kwenye mlango wako mwenyewe, chai ikiwa mezani, ni rahisi mno.

Dereva alichelewa. Alipoingia alikuwa amevaa kapelo iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, na hakuivua. Mervyn alimtambulisha kwa jina la Kenny, Mskoti kutoka Glasgow. Mskoti akatikisa kichwa. Uel akamwuliza kama Glasgow walimkata ulimi mpakani, na Mskoti akatikisa kichwa tena.

Kabla hawajaondoka, Mervyn alifunga mlango kwa mgongo wake.

"Kazi mbili zilizopita zilichomwa," alisema taratibu. "Vijana wetu wako ndani. Kuna mtu anaongea na polisi. Nikimpata, hata mama yake hatajua pa kuweka maua."

Alimtazama kila mmoja. Wesley aliona, au alidhani ameona, kwamba macho yale yalikaa kwake kidogo zaidi.

Saa tano na nusu.

Bohari haikuwapa shida kuliko duka la pipi. Mlinzi alikuwa mzee aliyekwisha kuibiwa mara tatu, naye aliwapa funguo kabla Uel hajamaliza kuchomoa chuma. Aliwaomba tu wamfunge kwa kamba mikono mbele, mgongo una baridi yabisi. Uel akamfunga mbele. Mzee akamwambia afungue redio pia, saa sita kuna mbio za farasi.

Walipakia kreti mpaka lori likakaa chini. Mskoti alibeba mbili mbili, kimya, jasho likimtoka chini ya kapelo. Mvua ilikuwa baridi, watu wote walitoa moshi mdomoni, na yule mtu alitoka jasho kama mwokaji mikate. Wesley alilitia hilo akilini.

Uel akaingia nyuma. Turubai likafungwa.

Saa sita na robo.

Foleni ya kizuizi ilikuwa fupi. Gari tatu, kisha wao. Mbele, wanajeshi wawili waliinamia madirisha na kuwavua watu kofia kwa ncha za bunduki, wakilinganisha nyuso na picha.

Mskoti aliliona hilo. Mkono wake uliacha usukani, ukaenda kwenye kapelo, ukasita. Kisha akaivua haraka, kama mtu anayeng'oa plasta.

Kwenye paji la uso alikuwa na msalaba wa majivu.

Jumatano ya Majivu. Leo asubuhi, ng'ambo ya mabati, padri alikuwa amemgusa mtu huyu kwa kidole gumba na kumkumbusha kwamba yeye ni mavumbi. Mskoti gani? Huyu alikuwa wa ng'ambo.

"Mama alisimama mlangoni," dereva alinong'ona. Hakuwa na lafudhi ya Glasgow hata chembe. "Hakunitoa mpaka nipite kanisani. Nilisahau kujipangusa mpaka nikawa mbele yenu."

Gari mbili sasa.

Leseni ilisema Kenneth, mkazi wa mtaa wa Waprotestanti. Paji lilisema jingine. Askari yeyote aliyekaa Belfast wiki moja angeusoma ugomvi ule. Nyuma ya turubai kulikuwa na Uel, na Uel angemwaga ubongo wa dereva kwenye kioo bila kuuliza jina lake la ubatizo. Baada ya hapo wanajeshi wangemmwaga Uel.

Wesley alitoa hankachifu yake. Akaitemea mate.

"Sogea," alisema.

Akampangusa. Akapangusa tena, kwa nguvu, kama mama anavyomfuta mtoto uso mbele ya kanisa. Dereva alifumba macho. Ngozi ikawa nyekundu, kisha ikawa safi. Wesley akaikunja hankachifu, doa likiwa ndani, akaitia mfukoni.

Mwanajeshi aliinama dirishani, kijana wa Kiingereza mwenye chunusi. Wesley akamsikitikia mvua, akamweleza kwamba wanapeleka samani za msiba, akaweka na uso wake wa mhubiri. Kijana alitazama mapaji mawili. La dereva ndilo lililokuwa safi kuliko la askari mwenyewe.

Wakapita.

Baada ya kona dereva aliirudisha kapelo kichwani, akakata kushoto, akaingia mtaa ambao gari la upande wao halikuwa limeingia kwa miaka saba. Ukutani palichorwa bendera za ng'ambo. Vijana watatu wa kona walilitazama lori, wakamtambua aliye kwenye usukani, wakageuza migongo.

Hapo Wesley aliielewa ile nafasi tupu kwenye sahani. Nusu ya mzigo ilikuwa ya wakubwa wa ng'ambo, na dereva alikuwa tiketi yao ya kupita. Mervyn aliyewaambia vijana wafe kwa ajili ya ukuta, yeye mwenyewe alikuwa na mlango wake ndani ya ukuta.

"Shemeji yangu akijua, sote tumekwisha," Wesley alisema.

"Basi asijue," dereva alijibu. Kisha, akibadili gia, "Asante kwa hankachifu."

Saa saba.

Uel alijua. Turubai lilikuwa na tundu.

Lori halijasimama vizuri gerejini, aliruka chini na bastola mkononi. Mervyn alikuwa peke yake, ameketi juu ya tairi, anakunywa chai.

"Nimeona bendera zao," Uel alisema. "Tumepita katikati yao na hawakutupa hata jiwe. Nieleze, kamanda."

Mervyn hakushtuka. Aliweka kikombe chini kwa adabu zote.

"Nani alikaa mbele?" aliuliza. "Mskoti haijui Belfast. Nani alimwelekeza njia?"

Uel alimgeukia Wesley. Kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya, Mervyn akaeleza kwamba alikuwa na shaka siku nyingi. Kazi mbili zimechomwa, na Wesley alizijua zote mbili. Leo amelipitisha lori kwa rafiki zake. Alisikitika sana, maana ni familia.

Wesley alisema ukweli, wote, upesi. Dereva ni Mkatoliki. Alikuwa na majivu usoni. Mvue kofia.

Uel akaing'oa kapelo.

Paji jeupe. Safi kama sahani ya Mervyn.

"Nilimpangusa mimi," Wesley alisema, na akasikia mwenyewe jinsi lilivyochekesha. Alitoa hankachifu, akaikunjua. "Haya hapa. Tazama."

Mervyn aliinama, akalitazama doa jeusi, akatabasamu.

"Masizi," alisema. "Huyu ni fundi magari, Uel. Hankachifu gani ya fundi haina masizi?"

Bastola ilipanda mpaka usawa wa macho ya Wesley. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Shemeji," alisema. "Kwa nini, shemeji? Umekula kwa mama yangu."

Wesley alimtazama dereva, mtu pekee ambaye angeweza kumwokoa, na dereva akatazama chini. Midomo ilikuwa ikimtembea. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda, polepole, bila yeye kuutuma. Kwenye paji. Kifuani. Bega la kushoto. Bega la kulia.

Alikuwa akimwombea Wesley kama mtu aliyekwisha kufa.

Uel aliuona mkono ule.

Alichohitaji kufanya ni kumgeukia Mervyn. Mervyn ndiye aliyemleta mtu huyu, akampa jina, akamwita Mskoti. Lakini Uel alikuwa amefundishwa jambo moja tu kwa miaka mitano, na aliyemfundisha ni Mervyn. Aliona msalaba, akaupiga risasi.

Dereva alianguka kwenye mlango wa lori. Uel alikuwa bado ametazama huko, amempa kamanda wake mgongo, Mervyn alipochomoa yake na kumpiga risasi kisogoni.

Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza mbio za farasi.

"Wa ng'ambo wametuvamia," Mervyn alisema, akijipangusa chai iliyomrukia suruali. "Uel amemuua mmoja kabla hajafa. Shujaa."

"Niue na mimi," Wesley alisema.

"Nikuue?" Mervyn alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Heather ataambiwa na nani? Mimi hataniamini. Wewe atakuamini."

Uel wakamzika Ijumaa. Jeneza lilifunikwa bendera, ngoma zikatangulia, na Wesley akabeba kwenye kona ya mbele. Mervyn alihutubia kaburini. Alisema ukuta utalindwa. Mama mwenye mguu mmoja alimbusu mkono. Kisha Mervyn alipita, akaweka kiganja kwenye bega la Wesley, akakiacha pale kidogo, kizito, kama mtu anayejaribu uimara wa kiti.

Jumamosi Heather alifua. Alitoa vilivyomo kwenye koti la mumewe, akaikunjua hankachifu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Hili doa la nini?"

Wesley alikaa mezani na chai iliyopoa.

"Masizi," alisema.

Heather akaamini. Akaitumbukiza kwenye maji ya sabuni, akasugua mara moja, na doa lote likatoka.